Kamera gani ilirekodi tamasha hili? Mwongozo kamili wa kusoma picha za rock za miaka ya 1960

Mtu anakutumia kipande cha video: vijana wanne wamevaa suti nyeusi, wasichana wanalia mpaka wanazimia, picha haina rangi. Chini kaandika kwamba ni mkanda halisi wa 1964. Halisi kwa maana gani? Huenda ni mkanda wa televisheni kweli. Huenda ni filamu ya sinema. Huenda pia ni filamu iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, ikakaa kabatini miaka hamsini, halafu mjanja mmoja akaipitisha kwenye kompyuta na kuilainisha.

Maelezo ya chini ya video usiyategemee. Tegemea picha. Kamera za televisheni za wakati ule zilikuwa na kasoro nyingi, na kila aina ilikuwa na yake. Ukizizoea kasoro hizo, utaijua kamera kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi gizani. Mimi ni fundi wa TV za tyubu, zile za mgongo, na nilichojifunza ni hicho tu: picha mbovu ina habari nyingi kuliko picha safi.

Unahitaji kompyuta yenye kioo cha kutosha, programu ya kuchezea video ya VLC, daftari na jioni nzima bila haraka. Simu itakusaidia mwanzoni, lakini kioo chake kidogo huficha yale yale tunayoyatafuta.

Hatua ya 1: Pata nakala iliyochezewa kidogo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana huchukua nakala inayong'aa kuliko zote. Hiyo ndiyo ya kukimbia. Nakala iliyoandikwa 4K na fremu 60 kwa sekunde imeongezewa fremu ambazo hakuna kamera iliyoziona. Kompyuta imezibuni kati ya fremu mbili za kweli. Nyuso huwa laini kama zimepakwa mafuta, na nyuzi za gitaa hupotea kisha zinarudi. Afadhali nakala chafu kutoka kwenye DVD au kumbukumbu za kituo.

Rangi nazo zisikuhadae. Tarehe 25 Juni 1967, The Beatles walionekana mubashara kwa satelaiti katika kipindi cha Our World, wakiwa studio za EMI pale Abbey Road, London. Kipindi kilirushwa bila rangi. Leo utakikuta kina maua ya kila rangi na mashati yanayowaka, kwa sababu rangi zilitiwa baadaye, miaka ya 1990. Ukianza kutafuta kamera ya rangi iliyorekodi usiku ule, utatafuta mpaka uzeeke.

Na kinyume chake hutokea. Waliokulia Mombasa au Unguja wanazikumbuka kaseti zilizoletwa na mabaharia kutoka Marekani: unaweka kwenye deki yako ya mfumo wa PAL, picha inakuja bila rangi, inapanda na kushuka kama lifti. Mkanda ulikuwa wa rangi, ila mfumo wa NTSC ulikuwa haupatani na deki. Nakala kadhaa zilizonakiliwa namna hiyo bado zinazunguka, kwa hiyo picha ya kijivu peke yake haithibitishi kitu.

Hatua ya 2: Amua kama ni filamu au televisheni

Angalia mwendo kwanza. Televisheni haikuchora picha nzima kwa mpigo mmoja. Ilichora mistari ya witiri, kisha ikarudi kuchora ya shufwa, mara 60 kwa sekunde Marekani na mara 50 Ulaya. Ndiyo maana mwendo wake unateleza, kama wa taarifa ya habari au zile tamthilia za Kimeksiko tulizokuwa tukiziangalia jioni. Filamu hupiga fremu 24 kwa sekunde, na mwendo wake unakatakata kidogo, wa kisinema.

Jicho likisita, fanya hivi. Fungua video kwenye VLC, zima kitu chochote kinacholainisha mistari (kwenye menyu kinaitwa Deinterlace), kisha isimamishe mahali mpiga ngoma anapiga kwa nguvu. Bonyeza herufi E, picha itasogea fremu moja moja. Itazame fimbo ya ngoma. Ikiwa kingo zake zina meno kama ya kitana, umeshika video ya televisheni ambayo haijaharibiwa. Ikiwa fimbo ni ukungu mmoja laini bila meno, basi ni filamu, au ni video iliyopoteza nusu ya mistari yake njiani. Mtandao huipoteza mara nyingi, kwa hiyo usitoe hukumu bado.

Jihadhari na jina la kituo. Tamasha la The Beatles uwanjani Shea, New York, tarehe 15 Agosti 1965, lilionyeshwa kwenye televisheni, lakini lilipigwa kwa kamera za filamu. The Rolling Stones walipocheza Hyde Park, London, tarehe 5 Julai 1969, waliorekodi walikuwa kampuni ya televisheni, Granada, na wao pia walitumia filamu. Sababu ni rahisi: kamera ya televisheni ilikuwa imefungwa kwa kebo nene kwenye gari la matangazo, na bila kebo hiyo haikuwa na kazi. Kamera ya filamu mtu aliibeba begani akaingia nayo katikati ya umati.

Hatua ya 3: Kama ni televisheni, ilihifadhiwaje?

Kamera ilikuwa haihifadhi chochote. Ilitoa mawimbi ya umeme tu, yakienda hewani na kupotea. Ili ubaki na kitu ulihitaji mashine nyingine, nazo zilikuwa za aina mbili.

Ya kwanza ni kupiga filamu ya kioo. Kamera ya filamu iliwekwa mbele ya kioo maalumu cha televisheni, ikarekodi kinachopita. Dalili zake ni mwendo wa kisinema, weupe uliopasuka, weusi uliozama, pembe za picha zilizopinda kidogo, na mistari myembamba ya kulala inayocheza kwenye shati la mistari au koti la vyumba vyumba. Dalili ninayoipenda kuliko zote: ukiona unywele au vumbi la filamu likirukaruka juu ya kasoro ya tyubu ya kamera ya televisheni (tutazifikia Hatua ya 5), katika fremu moja, kesi imekwisha. Filamu haina tyubu na televisheni haina unywele. Zimekutana mbele ya kioo.

Ya pili ni mkanda wa sumaku. Kampuni ya Ampex ya Marekani waliionyesha mashine yao Chicago mwezi Aprili 1956, na kabla ya mwaka kwisha kituo cha televisheni cha CBS walikuwa wameshaitumia hewani. Mkanda ulikuwa na upana wa inchi mbili, karibu upana wa vidole vitatu, na vichwa vinne vilizunguka kwenye gurudumu dogo kwa kasi ya mizunguko 14,400 kwa dakika, vikiandika kwa kukata mkanda kwa upana. Kila kichwa kiliandika mistari kama 16, kisha kingine kikapokea. Kichwa kimoja kikichafuka au kikichakaa, picha inagawanyika kwa mistari mipana ya kulala: mmoja una chembechembe, mitatu inayofuata safi, kisha tena mmoja wenye chembechembe, na kadhalika toka juu mpaka chini, kama kikoi kilichofuliwa vibaya. Ukiiona mistari hiyo mipana ya kujirudia, andika kwenye daftari: mkanda wa inchi mbili.

Mikanda ilikuwa ghali, na vituo viliifuta na kuitumia tena. Ndiyo maana Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC, iliyoanza tarehe 1 Januari 1964 kwenye jengo lililokuwa kanisa huko Manchester, imepoteza sehemu kubwa ya vipindi vyake vya mwanzo. Ukikutana na kipande chake cha miaka ile, mara nyingi ni filamu ya kioo iliyonusurika.

Hatua ya 4: Nchi na idadi ya mistari

Hapa sitakaa. Uingereza walitumia mistari 405, na chaneli mpya ya BBC2 ikaanza na 625 mwaka 1964, Marekani 525, Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya 625, Ufaransa 819 kwenye chaneli yao ya kwanza. Kwenye video ya mtandaoni huwezi kuihesabu, imeshabadilishwa mara nyingi. Tafuta tu kipindi kilitoka nchi gani, andika, songa mbele. Faida yake utaiona Hatua ya 7, kwa sababu kila nchi ilipenda kamera za kwao.

Hatua ya 5: Itambue tyubu

Sasa tumefika jikoni. Mbele ya kamera kuna lenzi, nyuma ya lenzi kuna tyubu ya kioo inayogeuza mwanga kuwa umeme. Tyubu tatu ndizo zilizotawala enzi hizi.

Imeji othikoni. Hii ilitoka maabara za kampuni ya RCA ya Marekani wakati wa Vita vya Pili, na kuanzia 1946 ikawa ndiyo televisheni yenyewe. Ilikuwa nyepesi wa kuona gizani kuliko zilizoitangulia, ikawezekana kupiga ukumbi wa muziki bila kuwachoma waimbaji kwa taa. Wamarekani kwa miaka mingi walitumia ya inchi 3. Waingereza wakapenda kubwa, ya inchi 4 na nusu, yenye picha safi zaidi.

Saini yake ni duara la giza. Tafuta kitu kinachong'aa sana mbele ya kitu cha wastani: tasa la ngoma (ile shaba ya duara inayopigwa kwa fimbo) likipigwa na taa, kipaza sauti cha chuma, bangili. Kando yake utaona giza lisilo na sababu, kama kitu hicho kimechorewa wanja. Kinachotokea ni hiki: mwanga mkali unapopiga bamba lililo ndani ya tyubu, elektroni hutimka kwa wingi kuliko zinavyoweza kukusanywa. Zilizobaki zinaangukia pembeni na kuifuta picha ya jirani. Kwa hiyo kadiri kitu kinavyowaka, ndivyo jirani yake anavyozidi kuwa mweusi.

Chukua onyesho la The Beatles pale Washington Coliseum, tarehe 11 Februari 1964, siku mbili baada ya kuonekana kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan mbele ya watazamaji milioni 73. CBS walilirekodi, na mwezi Machi likaonyeshwa kwenye kumbi za sinema kwa waya. Jukwaa lilikuwa katikati ya ukumbi kama ulingo wa ndondi, na Ringo, mpiga ngoma wao, ilibidi ngoma zake zigeuzwe kila baada ya nyimbo kadhaa ili kila upande upate zamu ya kuona nyuso. Simamisha picha kila tasa linapogeuka na kushika taa. Usiangalie tasa, angalia hewa inayolizunguka. Fanya hivyo mara kumi na jicho lako halitasahau tena.

Dalili ya pili ya tyubu hii ni picha kuganda. Kamera ikikaa muda mrefu kwenye kitu kimoja chenye mwanga, ikihama inakwenda na kivuli cha kile kitu. Utaona stendi ya kipaza sauti ikielea juu ya uso wa mpiga besi, hafifu, kisha inayeyuka. Wapiga picha walijua, ndiyo maana kamera zao zilikuwa zikitikisika taratibu hata mwimbaji alipotulia tuli.

Vidikoni. Ndogo, rahisi, imara, na mvivu. Ilihitaji mwanga mwingi. Ukimpunguzia, kila kinachotembea kinaburuta mkia wa kijivu nyuma yake. Kwenye matamasha makubwa ya miaka ya 1960 hutaikuta sana kama kamera kuu, ila ilitumika kwenye mashine za kurushia filamu hewani na baadaye kwenye kamera za vyuo na za ulinzi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliwahi kuniuzia kamera aliyosema ilipiga matamasha ya rock. Nilipoifungua nikakuta ni ya ulinzi wa ghala, ya miaka ya 1980. Sikuirudisha. Niliiwasha nikaielekeza kwenye balbu ya dukani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi alama ya balbu ilikuwa imeshachomeka kwenye tyubu, na mpaka leo kila ninachokipiga kina balbu katikati. Somo la shilingi elfu themanini, lakini sasa mkia wa vidikoni naujua hata kwa jicho moja.

Plambikoni. Hii ni ya Philips, ilitumia oksidi ya risasi, na ilipoingia kwenye kamera za rangi katikati ya miaka ya 1960 ilibadilisha kila kitu. Haina duara la giza. Haiburuti kijivu kama vidikoni. Saini yake ni nyota mkia: taa ikigonga chuma cha gitaa, na gitaa likasogea, alama ya mwanga inaacha mkia wa rangi hewani, kwa sababu mwale wa elektroni unaosoma picha ndani ya tyubu haukuwa na nguvu ya kufuta alama kali kiasi hicho kwa mpito mmoja. Kwenye matamasha ya mwanzo wa miaka ya 1970 mikia hii imejaa, na nakiri naiona mizuri kuliko taa zote za leo.

Kamera ya rangi huwa na tyubu tatu au nne, na zote lazima zitazame mahali pamoja. Zikipishana kidogo, kingo za vitu hupata pindo la rangi, jekundu upande mmoja, kijani upande wa pili. Tafuta kwenye pembe za picha, huko ndiko kupishana huanzia. Pindo hilo halipatikani kwenye video iliyotiwa rangi na kompyuta, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kumnasa mwongo.

Kuna ujanja mmoja waliopenda kuufanya na tyubu hizi: kuielekeza kamera kwenye kioo kinachoonyesha picha yake yenyewe, mpaka picha ijizae ndani ya picha bila mwisho. BBC walitengeneza hivyo utangulizi wa tamthilia yao ya Doctor Who mwaka 1963. Mwaka 1975, pale studio za Elstree, Uingereza, mwongozaji Bruce Gowers alifanya vivyo hivyo kwa sura ya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen na mzaliwa wa Unguja, kwenye video ya "Bohemian Rhapsody". Zile nyuso zinazofuatana kwenda mbali ni kamera ikijitazama, hakuna kompyuta pale.

Hatua ya 6: Soma lenzi

Picha ikisogea karibu polepole bila kukatwa, jiulize: kamera imetembea au lenzi imevuta? Tazama kilicho nyuma ya mwimbaji. Kamera ikitembea, vya nyuma hubadili nafasi: ngoma iliyofichwa na bega inajitokeza. Lenzi ikivuta, kila kitu kinakua pamoja na bega linaendelea kuficha kile kile.

Kamera nyingi za bila rangi zilikuwa na sahani ya lenzi nne mbele yake. Mpiga picha alizungusha mkono nyuma, lenzi nyingine ikaja. Mwongozaji alipaswa kuwa ameshahamia kamera nyingine wakati huo. Alipochelewa, watazamaji waliona picha ikipinduka na kuwa giza kwa nusu sekunde. Ukiikuta ajali hiyo, usiiruke: umepata kamera ya sahani ya lenzi.

Hatua ya 7: Itafute kamera yenyewe

Sasa tafuta kamera ndani ya picha, au kwenye picha za magazeti za usiku ule. Ready Steady Go!, kipindi cha muziki cha televisheni cha London, 1963 hadi 1966, ilikuwa haifichi kamera; zilipita katikati ya wachezaji kana kwamba nazo zimekuja kucheza. Hapo unaanza kulinganisha maumbo.

Sanduku la pembe nne lenye lenzi nne mbele, Marekani, miaka ya 1950: anza na RCA TK-11 na ndugu zake. Uingereza, kuanzia 1959: anza na Marconi Mark IV. Sanduku kubwa mno, la kilo zaidi ya 100, lenye lenzi nne lakini linatoa rangi: RCA TK-41, iliyobeba imeji othikoni tatu na kiu ya taa isiyokatika. Kamera ya rangi isiyo na sahani, yenye lenzi moja ndefu ya kuvuta, Marekani, baada ya 1965: huenda ni Philips PC-60 au PC-70, ambazo huko ziliandikwa Norelco kwa sababu jina la Philips lilikaribiana mno na la kampuni ya Philco. Kamera ya Kiingereza inayoonekana kama haina lenzi kabisa, uso wake bapa: EMI 2001. Lenzi waliizika ndani ya mwili, pamoja na plambikoni nne.

Nembo ubavuni ni ya kituo mara nyingi, si ya mtengenezaji. Jicho kubwa ni CBS, halikwambii kamera ni ya nani. Tafuta kibao kidogo, na umbo la matundu ya hewa.

Hatua ya 8: Andika hukumu yako

Tenganisha ulichokiona na ulichokikisia. Nakupa mfano wa kazi nzima.

Kipande: James Brown anaimba, anapiga magoti, anafunikwa joho, analitupa. Hakuna rangi. Mwendo ni wa kisinema, fimbo za ngoma hazina meno. Ungesema filamu. Lakini vivuli na mng'ao havina tabia ya filamu, na mwongozaji anaruka kutoka kamera moja hadi nyingine katikati ya pigo, mubashara, bila kukosea. Hiyo ni tabia ya chumba cha televisheni. Kwa hiyo daftarini: kamera za televisheni, zikahamishiwa filamu. Kisha tafuta tukio: The T.A.M.I. Show, ukumbi wa Santa Monica Civic Auditorium, California, tarehe 28 na 29 Oktoba 1964, mwongozaji Steve Binder, mfumo ulioitwa Electronovision. Mfumo huo ulitumia kamera za televisheni zenye mistari zaidi ya 800 badala ya 525, ili picha ikihamishiwa filamu iweze kusimama kwenye kioo cha sinema. Dalili na kumbukumbu zimekubaliana, andika "hakika".

Miaka minne baadaye Binder huyo huyo alimrekodi Elvis Presley kwa kituo cha televisheni cha NBC huko Burbank, California, amevaa ngozi nyeusi, kwa rangi. Anzia hapo mazoezi yako: ngozi inayong'aa, gitaa, taa kali, na jukwaa dogo lililozungukwa na watu. Zima sauti, maana ukiiacha utasahau kuangalia kingo.